Mwaka Baba Alipomshona Mtoto

Gundi ya wanga wa muhogo ikichemka hutoa harufu ya uji uliosahauliwa motoni, na ukiitia pilipili ya kusaga, kama tulivyofanya sisi ili mende wasile nyota zetu za karatasi, hukupigisha chafya mpaka machozi yakutoke. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Krismasi. Wengine watakuambia pilau, wengine watakuambia viatu vipya, na wenye dini zao watakuambia ubani. Mimi nilizaliwa Changamwe katika nyumba ya mafundi, na Krismasi yetu ilianzia jikoni, kwenye sufuria kongwe iliyoungua matako, joto la Desemba likiwa limetukaba koo, Mama akikoroga kwa mwiko huku akiimba. Aliimba akikoroga, aliimba akichambua mchele, aliimba hata akitukaripia, hivi kwamba matusi yake yalitufikia yakiwa na kiitikio. Tulimcheka, naye akacheka. Sikujua kwamba kitu kama hicho kinaweza kwisha.

Tulikuwa wanne. Baba alikuwa seremala wa mabehewa, Mtaita aliyeteremka kutoka milimani akiwa kijana na msumeno wake begani, na kila Jumapili alipiga kinanda cha kukanyaga katika kanisa letu dogo la bati. Kaka yangu Lukasi, aliyenizidi miaka michache, alijitengenezea gitaa la debe la mafuta ya taa, nyuzi zake ni waya wa breki ya baiskeli aliouchambua kwa meno. Mimi nilipewa kayamba, kwa sababu, alivyosema Baba, kayamba hata mjinga hawezi kuliharibu. Na Mama ndiye aliyekuwa sauti yetu. Vyumba vyetu viwili tulipanga kwa Bi Rukia, mjane wa Kiislamu wa ukoo wa zamani wa hapo hapo Changamwe, mkunga aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa ule, mimi nikiwa mmojawapo. Uani kwake palikuwa na msufi mrefu, na miezi ile ya kaskazi maganda yake yalipasuka, sufi ikapeperuka na kutua juu ya kila kitu, juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mboga, juu ya kichwa cha Bi Rukia mwenyewe, ambaye aliapa kila mwaka kuukata mti ule na hakuukata.

Sufi ile ndiyo tuliyojazia Mtoto. Lazima nieleze, maana sijaona desturi hii kwa watu wengine. Kanisani kwetu kila Krismasi paliwekwa pango la Noeli, na pango lile lilikuwa kazi ya nyumba yetu. Baba alichonga Yosefu na Maria na wachungaji kwa vipande vya mbao alivyookota kazini. Lukasi alitengeneza punda kwa makumbi ya nazi, kila mwaka punda yule akafanana zaidi na mbwa. Mimi nilibandika nyota za fito na karatasi za tiara. Sanamu zote hizo zilihifadhiwa kutoka mwaka hadi mwaka, isipokuwa Mtoto Yesu. Baba alishikilia kwamba Mtoto huzaliwa upya kila Krismasi, kwa hiyo haiwezekani awe wa mwaka jana. Lazima ashonwe mpya, na anayemshona ni mama, kwa sababu ni mama anayezaa. Basi Mama alikata kitambaa, akashona, akajaza sufi, akamvisha nguo alizofuma kwa mkono wake. "Nyinyi Wakristo mna makubwa," Bi Rukia alimtania Baba akiokota sufi uani. "Mwamshona kwa sindano, kisha mwampigia magoti!" Baba akamjibu, "Sufi ni yako, Bi Rukia, kwa hiyo na wewe umo." Naye akatema tambuu kwa kicheko.

Mwaka ninaousimulia, miaka michache kabla ya uhuru, Mama alikuwa na mimba. Alifuma nguo za mtoto tangu mvua za masika, kijigauni cheupe, soksi, na kofia yenye ukingo wa mawimbi na utepe wa kufungia kidevuni. Mtoto akazaliwa wakati joto linaanza, mvulana, mdogo mno, analia kwa sauti nyembamba ya kitoto cha paka. Bi Rukia alimkanda kwa mafuta ya nazi asubuhi na jioni, akampaka utosini, akamvika kofia ile asipate baridi, ingawa wote tulikuwa tunatiririka jasho. Aliishi siku chache tu. Alipoanza kukata pumzi Baba alimbatiza mwenyewe kwa maji ya kikombe, akamwita Yohana, na mchana wake tukamzika katika sanduku ambalo Baba alilipiga randa mpaka likateleza mkononi. Nakumbuka nilishangaa sanduku dogo namna ile kufanyiwa kazi kubwa namna ile. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wazazi wangu waliujua kila mmoja peke yake, katika chumba kimoja, bila kuambiana.

Tangu siku ile Mama hakuimba. Alipika, alifagia, alinisuka nywele, alijibu akiulizwa. Alisema na kila mtu kwa upole uliotutisha kuliko ukali wake wa zamani. Lakini sauti ya kuimba ilikatika, nyumba ikawa kimya, nikaanza kusikia vitu ambavyo sikupata kuvisikia kamwe, mlango unavyolia, kuku wanavyojikuna. Baba hakuyaweza maisha yale. Yeye alikuwa fundi, na fundi haamini kwamba kuna kitu kilichovunjika kisichotengenezeka. Jumapili ya kwanza ya Majilio alituita mimi na Lukasi kwenye kibanda chake cha kazi, akatuambia wazi, kama watu wazima: "Mama yenu lazima aimbe Krismasi hii. Asipoimba Krismasi hii, hataimba tena. Mnanisikia?" Tulisikia. Nilikuwa mtoto, na maneno yale niliyaamini yote. Toka hapo kila nyota niliyobandika niliibandika kwa ajili ya koo la Mama.

Baba alitunga wimbo. Kila mwaka alitunga mmoja, mwanzo wa kinanda peke yake, halafu Mama anasimama kando ya pango na kuimba ubeti wa kwanza bila mtu kumsaidia, halafu sisi wote tunaitikia. Mwaka ule aliuandaa kwa namna ya pekee, akaupandisha mahali ambapo ni Mama tu angeweza kufika, ili asiwepo wa kumpokea nafasi yake. Tukaufanyia mazoezi jioni baada ya jioni, uani, Baba akipiga sauti za kinanda kwa mdomo, Lukasi na debe lake, mimi na kayamba langu. Ikifika zamu ya Mama tulinyamaza tukamngojea. Alikuwa akikaa kizingitini na ukindu wa mkeka mapajani, hasuki. Wimbo ulimpitia tu. Mara moja niliona midomo yake inafunguka, nikashika pumzi, kumbe anapiga miayo. "Atauimba siku yenyewe," Baba akasema. Katekista alipomuuliza Mama kama ataimba, alisema, "Nitasimama." Baba akalichukua neno lile, akalibeba nyumbani kama mtu aliyepewa zawadi.

Bi Rukia ndiye pekee aliyethubutu kumkatalia. Alimjia Baba kibandani, akaketi juu ya gogo, nami nilikuwa pale nasugua wachungaji kwa msasa. "Baba Lukasi, sikiza," alimwambia. "Huyu mwanamke kilio chake hakijesha. Muwate alie. Wewe wamkimbiza mbio kama punda wa maji." Baba hakuinua macho kutoka kwenye kazi yake. Akasema kwamba kwao Taita mtu akizidi kulia hupotea humo ndani asipate njia ya kutoka. "Basi na apotee kidogo," Bi Rukia akasema, "wallahi atarudi mwenyewe. Watu si viti." Maneno hayo yalimuudhi Baba, akapiga nyundo kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Siku chache baadaye Bi Rukia aliondoka kwenda Kisauni kwa binti yake aliyekuwa karibu kujifungua, akatuachia funguo na kuku. Nimefikiri mara nyingi mno juu ya safari ile. Angekuwapo, angeona kamba ya nguo, na angepiga kelele.

Mkesha wa Krismasi ulifika na Mtoto hajashonwa. Hakuna aliyethubutu kumkumbusha Mama. Alasiri, Mama alipokwenda kanisani kuungama, Baba akafunga mlango, akatoa kitambaa, akasema atamshona mwenyewe. Mikono yake iliyozoea patasi ilichomwa na sindano mpaka kitambaa kikaingia madoa ya damu, tukakigeuza ndani nje. Lukasi na mimi tukajaza sufi. Alipomaliza, Mtoto alikuwa na shingo nene na mguu mmoja mfupi, lakini alikuwa Mtoto, nasi tulijiona watu wa maana sana. Tatizo likawa nguo. Baba akainama, akavuta sanduku la Mama kutoka mvunguni, akatoa kijigauni, soksi na kofia ya Yohana. "Hizi zimeshuhudia ubatizo," alisema. "Yohana yuko mbele za Mungu. Mama yenu akiona Mtoto Yesu amevaa nguo za mwanawe, atajua kwamba hatukumsahau. Ataona kwamba mwanawe naye amezaliwa upya." Alilia aliposema hivyo. Ndiyo mara pekee niliyomwona. Nami nililiona wazo lile kuwa zuri kupita mawazo yote duniani, na sitamlaumu Baba kwa kuliona hivyo, kwa sababu moyo wake wote ulikuwa humo.

Lakini kofia ilikuwa imeingia rangi ya manjano kwa mafuta ya nazi, na kwenye utepe palikuwa na doa la maziwa yaliyokauka, ikanuka uchachu. Baba akaipeleka puani, akatikisa kichwa. Haivaliki kanisani ikiwa hivi, akasema. Basi akaifua. Baba yangu, ambaye sikupata kumwona akifua hata leso yake, alipandisha mikono ya shati, akachuchumaa uani na sabuni ya mche, akazisugua zile nguo moja moja, taratibu, kwa vidole vilivyojaa gundi. Akazisuuza kwa bluu ya kung'arishia nguo. Akazitia wanga uliobaki kwenye sufuria yetu, zisimame vizuri. Jua la Desemba lilizikausha kambani mara moja, akazipiga pasi ya makaa, na kofia ikawa nyeupe kama chumvi, mawimbi ya ukingo wake yamekaza. Aliishika juu ya ncha ya kidole akaizungusha tuione. "Mnaona?" akasema. Tuliona, tukapiga makofi.

Padri alikesha mjini, kwetu akafika asubuhi ya Krismasi, amechoka, kanzu imemgandama mgongoni. Kanisa lilikuwa limejaa mpaka nje, wanawake upande huu, wanaume upande ule, bati linalia kwa jua. Nyota zetu zilining'inia toka mlangoni hadi altareni na watu walikuwa wakizionyeshana. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kijani, akaja akasimama kando ya pango kama alivyoahidi. Mtoto alikuwa amefunikwa kitambaa, maana kwa desturi padri ndiye anayemfunua. Baba alikuwa amekaa kwenye kinanda, ametugeuzia mgongo, kwa kuwa kinanda kilitazama ukuta. Padri akafunua kitambaa. Baba akaanza.

Mama alimtazama Mtoto. Nilikuwa karibu naye, kayamba kifuani, na nikaona uso wake ukifunguka. Ninaapa ulifunguka. Kile Baba alichokitaka kilikuja, kilifika kabisa, macho yake yakajaa, kifua kikapanda kama cha mtu anayevuta pumzi ya kuimba. Akainama, akamwinua Mtoto kwa mikono miwili, kichwa amekikinga kwa kiganja kama anavyoshikwa mtoto mchanga, watu wakanong'ona kwa furaha wakidhani ni sehemu ya wimbo. Akaiweka pua yake juu ya kofia. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kwa nguvu, akaigeuza kofia, akatafuta ndani yake, kwenye utepe, kwenye mshono. Kisha akanitazama mimi, si kwa hasira, akasema polepole, "Mmeifua."

Akamrudisha Mtoto kwenye majani makavu ya pangoni. Akafungua utepe, akavua ile kofia, akaifumbata, akapita katikati ya watu akatoka nje. Baba hakuona. Mwanzo wa wimbo wake ulifika mahali pa Mama kuingia, pakawa kimya, akadhani Mama ameshikwa na kilio, akampa nafasi, akaurudia mwanzo. Akafika tena pale pale, akangoja, akaurudia. Miguu yake ilikuwa ikikanyaga, mabega yamenyanyuka, anaisikiliza sauti itakayokuja nyuma yake. Kanisa zima lilijua isipokuwa yeye, na hakuna mtu aliyekuwa na moyo wa kumwambia, hata padri. Ni Lukasi aliyeliweka chini debe lake, akaenda akamshika begani. Kinanda kikaishiwa upepo chenyewe, kwa mlio mbaya.

Bi Rukia aliporudi ndiye aliyetuambia, maana mchana alishinda uani na Mama. Mama alikuwa akiitoa kofia ile kila siku tukienda shule na Baba akienda kazini, akaiweka usoni, akaivuta harufu. Kwa makusudi hakuifua. Hakuwa na picha ya Yohana, hakuwa na unywele wake, alikuwa na ule uchachu wa maziwa na mafuta ya nazi tu, na hata huo ulikuwa ukipungua, akawa anauvuta kidogo kidogo usimalizike. "Mngaliniuliza," Bi Rukia alisema, na mara hiyo hakuwa na utani. Baba alikaa kibandani mwake akiwa ameshika kichwa. Watu husema nia njema ni tabibu. Wanaosema hivyo hawakumwona baba yangu siku ile. La kuvunda halina ubani, na Baba alilijua hilo palepale, na akaishi nalo.

Mama hakumgombeza hata siku moja. Laiti angemgombeza! Alimpikia, alimtilia maji ya kuoga, alimwuguza alipougua. Uhuru ulipokuja, mtaa ulipofurika ngoma na matawi ya minazi, walikuja wanawake wa kanisani kumbembeleza awaongoze kwa wimbo, akawaambia koo halimo. Baba alijaribu tena miaka miwili mitatu. Alitunga nyimbo za chini zaidi, rahisi zaidi, akaziacha juu ya meza. Baadaye akaacha kutunga, akabaki akipiga za vitabuni, na pango likashikwa na watu wengine wakanunua Mtoto wa plasta mjini. Alipokuwa kufani, Baba alimwomba Mama kitu kwa macho, sisi sote tulielewa ni nini. Mama alimshika mkono. Alifungua kinywa, nikaona shingo yake ikijitahidi, na hakikutoka kitu. Baba akafa akiwa anasikiliza.

Sasa na Mama amekwenda, na Lukasi pia. Msufi ulikatwa, si na Bi Rukia, bali na waliojenga ghorofa uani kwake. Malori ya makontena hupita usiku na mchana, na Krismasi huanza mwezi mzima kabla, vipaza sauti vya maduka vikiimba theluji kwa watu wanaochuruzika jasho. Wajukuu zangu wana mti wa plastiki na taa zinazowaka na kuzima. Wananiambia, Bibi, zamani mlikuwa maskini. Nawajibu kwamba tulikuwa na kila kitu, na kwamba tulikipoteza sisi wenyewe, kwa mapenzi, na kwamba watu wasiwadanganye eti wakati huponya, mimi nimekaa na wakati miaka yote hii na sijaona ukiponya kitu. Mwaka jana mdogo wao akaniuliza, huyo mama yako alikuwa akiimba vipi? Aliniwekea simu mdomoni anirekodi. Nikajiandaa. Maneno ninayo, najua wimbo ulipanda wapi na ulishuka wapi, naziona nyuso za watu waliokuwa wakimsikiliza. Nikaitafuta sauti yenyewe nimwonyeshe. Nikaitafuta mpaka mtoto akachoka kushika simu. Sikuipata. Haimo, wala hakuna tena duniani mtu wa kumuuliza.